Mto Nilioiongezea Nchi

Kwa muda wa miezi minane nchi yetu ilikuwa na mto mmoja zaidi ya ile aliyoiumba Mungu, na aliyeuongeza ni mimi. Msiutafute kwenye simu zenu. Ulifutwa kwa raba ya wino kabla wengi wenu hamjazaliwa, na raba yenyewe niliishika mimi. Lakini ulikuwepo. Ulikuwa na jina, ulichorwa kwa wino wa bluu kwenye rasimu ya ramani, na wapo wataalamu wa serikali waliofunga safari kuja kuuona.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi ya upimaji na ramani, na hata ninyi msioingia, maana kucheka hakuhitaji cheti. Mkisoma historia ya nchi mnasomeshwa habari za wakubwa, mikataba na hotuba. Ni sawa. Lakini serikali ina historia yake nyingine, ile ya mafaili, matope na watu waliokosea kwa nia njema, na hiyo haina mtihani. Mimi nimeiishi hiyo. Sasa nimestaafu, nakaa Ipinda, wilayani Kyela, nina mpunga kidogo na kokoa kidogo, na magoti yanayonisomea kila siku orodha ya vilima nilivyopanda.

Kazi yangu ilikuwa kuuliza majina. Wapimaji wenyewe walipita na vyombo vyao, wakapima umbali na urefu, wakachora mistari. Mimi nilifuata nyuma na daftari. Hiki kijito kinaitwaje? Kile kilima? Hapa watu wanapaitaje? Jina linaandikwaje, kwa L au kwa R? Mstari bila jina ni mkwaruzo tu. Watu wa Kyela waliniita Mama Majina nikiwa bado sijawa mama wa mtu yeyote. Nilizaliwa Handeni, Mzigua wa watu, nikaletwa huku nikiwa na koti la mvua lililochanika na maneno mawili tu ya Kinyakyusa: ugonile, yaani hujambo, na ndaga, yaani asante. Nawaambia kweli, maneno hayo mawili yanatosha kukulisha ndizi wilaya nzima.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lazaro, mpimaji mkuu wa kikosi chetu, mtu mfupi, mkali, mwenye penseli nyuma ya kila sikio. Kalamu ya wino aliichukia kama deni. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, Kyela ni nchi ya mvua. Andika kwa penseli." Mimi nikaona mzee huyu ana ushamba. Nilikuwa na kalamu nzuri niliyopewa na dada yangu, nikaandika nayo majina ya kijiji cha Talatala chote, siku nne mfululizo. Siku ya tano ikanyesha mvua ile ya huku, isiyojua kukoma, na daftari langu likageuka uji wa bluu.

Mzee Lazaro hakugomba. Alinikabidhi penseli moja akasema, "Rudi." Nikarudi Talatala kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nikiuliza yale yale. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mpunga alinitazama kwa huruma.

"Gwe, juzi si ulituuliza haya haya? Umesahau, au tulikudanganya?"

"Mvua, mama."

"Pole. Mvua nayo ilitaka kujua majina."

Tangu siku hiyo sijaandika kwa kalamu mahali pasipo na paa. Ninyi mtaniambia siku hizi mnaandika kwenye vifaa vinavyoongea na setilaiti. Sawa. Chukueni na penseli hata hivyo.

Kuna mambo mengine mtakutana nayo ambayo chuoni hayafundishwi. Bikoni, kwa mfano, yale mawe ya alama tunayoyasimika ardhini. Kwenye karatasi bikoni ni mali ya serikali na kuing'oa ni kosa. Kijijini bikoni ni jiwe zuri lililosimama wima mahali pazuri. Tulirudi kuitafuta moja tukaikuta inameremeta, imelika upande mmoja, na wakulima watatu wamejipanga na mapanga yao wakisubiri zamu ya kunoa. Mzee Lazaro aliwauliza kama wanajua jiwe lile ni la nini. Mmoja akajibu kwa heshima zote, akimwita tata, yaani baba, "Tunajua, tata. Serikali ilituletea kinoo." Tukapima upya. Kufanya nini? Kinoo chenyewe tuliwaachia.

Au muhuri wa kijiji. Mafuriko yaliingia ofisi moja ya kijiji yakabeba meza, benchi na muhuri. Meza ilionekana, benchi likaonekana, muhuri hakuna. Kwa wiki kadhaa kijiji kizima hakikuweza kuthibitisha chochote: hakuna barua, hakuna kibali, hata mtu akitaka kusafirisha mbuzi anaambiwa asubiri. Ndipo akatokea mvuvi kutoka ziwani, kaufunga muhuri ndani ya jani la mgomba. Ulinasa kwenye wavu wake. Mwenyekiti alimshukuru mpaka akakosa maneno, kisha akamsindikiza hadi kwenye mtumbwi, na huko akaukuta mtumbwi umepigwa muhuri ubavu mzima, kuanzia mbele hadi nyuma. Mvuvi akasema alitaka tu kuhakikisha bado unafanya kazi. Nadhani hakuna mtumbwi uliowahi kuthibitishwa kama ule katika Ziwa Nyasa.

Sasa nije kwenye mto wangu.

Mnajua kwamba Songwe ndio mpaka wetu na wenzetu wa Malawi, na mnajua pia kwamba ni mpaka wenye miguu. Masika yakiwa makali, mto unahama. Unakata kona hapa, unajipindua pale, na mtu aliyelala akiwa upande huu anaamka akitazama maji kutoka upande wa pili. Nilimkuta mzee mmoja ambaye mto ulipita katikati ya uwanja wake. Nyumba ilibaki huku, choo kikahamia ng'ambo. Aliniuliza kwa upole kabisa kama sasa atahitaji pasipoti kila asubuhi. Nikamwambia aniache nikamuulize mkubwa wangu. Mzee Lazaro akasema tuandike "choo" na tusiandike cha nchi gani.

Kwa sababu mto ulihama mno, ikaamuliwa ramani ya sehemu ile irekebishwe. Tukapelekwa. Kulikuwa na kitongoji kimoja kando ya Songwe ambacho karibu wote ni ukoo mmoja, ukoo wa mzee Mwasongwe. Mzee alikuwa na wana watano, na wana wanne wa kaka yake waliojenga hapo hapo, wote wameoa. Mto ulikuwa umekizunguka kitongoji kile pande tatu. Picha zilizopigwa kwa ndege hazikutusaidia, kwani juu ya kitongoji kile hasa kulikuwa na wingu. Kyela na mawingu, mnajua.

Asubuhi nilipita upande wa magharibi, nikaona Songwe, nikaandika Songwe. Mchana, baada ya kukatiza migomba na mikokoa mpaka sijui tena jua liko wapi, nikatokea upande wa mashariki nikakuta maji. Mimi nikaona ni mto mwingine. Akili yangu ilikuwa na njaa na kivuli ni kingi. Pale majini walikuwepo wanawake wanateka maji kwa vyungu vya Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, na mmoja wao alikuwa Mama Tuntufye, mke wa mwana wa kwanza wa mzee, mwanamke mrefu, mcheshi, niliyekwisha kuzoeana naye tangu siku ya kwanza kwa sababu alinikaribisha chai nami sikukataa.

Mzee Lazaro alinifundisha kwamba kuuliza si ujinga, ila kuuliza mtu mmoja ndio ujinga. Jina huulizwa kwa watu watatu. Wakikubaliana, andika. Na mimi nilikuwa na langu la kuongeza: usiwaulize wanaume tu. Mwanamume anajua mto anapovua. Mwanamke anaujua mto kila siku, maji yakipungua anajua, yakichafuka anajua. Nilijivunia sana elimu yangu hiyo. Nikauliza.

"Mugonile, akina mama. Mto huu unaitwaje?"

Wakatazamana. Wakacheka kidogo, kicheko kile cha kuficha mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Huyu?" akasema Mama Tuntufye. "Huyu tunamwita Mgeni."

"Mgeni?"

"Akija hapigi hodi. Unamkuta ndani ya nyumba."

Nikamgeukia wa pili. Mgeni. Wa tatu. Mgeni, na akaongeza kwamba mwaka uliopita Mgeni alikula kuku wake wote. Watu watatu, jina moja, na maelezo yake juu. Nikaandika kwa penseli, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: Mto Mgeni. Nikaandika na majina ya walionipa habari, kama utaratibu unavyotaka. Nilirudi kambini nimejaa sifa.

Karatasi zikaenda makao makuu. Wachoraji wakachora. Kwa kuwa wingu lilikuwa limekaa pale pale, waliunganisha mistari kadiri daftari langu lilivyowaelekeza, na rasimu ikatoka na Songwe wake na kijana mpya ubavuni, Mto Mgeni, anaingia Songwe kutokea mashariki. Idara nyingine ikaiona rasimu hiyo, ikafurahi sana, maana ilikuwa inatafuta mto mdogo, mtulivu, ulio ndani ya nchi kabisa, ili ichimbe mfereji wa kumwagilia mpunga.

Siku waliyofika wataalamu mimi nilikuwepo. Walikuja watu wanne na gari kubwa, mabuti mapya, na kijiti chenye rangi nyekundu na nyeupe cha kupimia kina. Walisimama kwenye ukingo wa Songwe wakawauliza wanaume wa kitongoji, "Mto Mgeni uko wapi?"

"Mto gani?"

"Mgeni."

"Wageni ni ninyi, ndugu zangu. Mto tulionao ni huu Songwe."

Wakauliza nyumba sita. Wanaume wote jibu moja. Nikawatazama wanawake. Kila mmoja aligundua ghafla kwamba ana kazi ya haraka upande wa pili wa nyumba. Yule mtaalamu mkubwa akaikunja rasimu polepole, akaniangalia mimi na daftari langu.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Naikumbuka mpaka leo. Nilitakiwa kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua kwa "kuingiza mto usiokuwepo katika nyaraka za serikali". Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini, nimebakiza mwezi mmoja. Nyumbani Handeni mama yangu alikuwa amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba bintiye ni mtu wa serikali. Nikifukuzwa nilikuwa narudi kuuza mahindi ya kuchoma, na kila mteja angeuliza habari za mto.

Mzee Lazaro alisoma barua, akashusha miwani. "Uliuliza watu watatu?"

"Watatu, mzee."

"Walikubaliana?"

"Kama wamekula kiapo."

"Basi nenda kawaulize kiapo chenyewe ni cha nini."

Nikaazima baiskeli nikaenda. Nilimkuta Mama Tuntufye uwanjani anapepeta mchele. Nilimwonyesha barua, nikamsomea mpaka kwenye "mto usiokuwepo". Aliweka ungo chini.

"Mwe! Dada yangu, mbona ulikwenda kuandika kweli?"

"Nifanye nini, nami ndiyo kazi yangu? Mama Tuntufye, ule mto jina lake nini hasa?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mimi ni mkwe wa watu. Baba mkwe wangu unamjua jina?"

"Namjua. Mzee Mwasongwe."

"Haya. Lile Mwa la mbele, litoe."

Nikalitoa. Nilikaa chini pale pale, juu ya maganda ya mpunga.

Kwa wale mliozaliwa mijini: kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamkaribii baba mkwe. Hakutani naye njiani, anapinda. Hakai naye mahali pamoja. Na jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Wake wote wa ukoo ule, tisa, waliolewa kwenye jina la mto wanaouteka kila siku. Wangefanyaje? Walijitungia jina lao, wakalitumia wao kwa wao. Wanaume hawakulijua, kwa sababu wanaume ni mara chache kuuliza wake zao wanauitaje mto. Nami nikawauliza watu watatu, wote wakamwana wa mzee mmoja. Liandikeni hili kwa penseli: watatu wa nyumba moja ni mtu mmoja.

Nikaandika maelezo yangu yote, kurasa tano. Akaja mkaguzi kutoka makao makuu kuyahakiki, mtu wa mkoa mwingine kama mimi, mnene, mwenye haki yake ya kutokuamini. Akakaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, akaweka miguu mbali na siafu, akasema hivi: kila mtu aliyekosea huwa na mila ya kumwokoa. Kama wanawake hawa kweli wanauita Songwe kwa jina la Mgeni, basi mmoja wa waliotajwa kwenye daftari aje aseme kwa kinywa chake mwenyewe: Mgeni ndio Songwe. Akisema, ni kosa la kawaida na ninafuta mto. Asiposema, binti huyu ametunga mto akiwa amekaa kivulini, na hana kazi.

Mwenyekiti alijaribu. "Mkuu, hawezi kulitaja. Ndiyo maana yenyewe."

"Mtu mzima anashindwa kutaja mto?"

"Mimi nitataja kwa niaba yake."

"Wewe hukuandikwa."

Mama Tuntufye alikuja. Hakulazimishwa na mtu. Alisimama chini ya ngazi, kitenge kimefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Na mzee Mwasongwe naye alikuja, kwa sababu habari zilikuwa zimemfikia kwamba jina lake liko kwenye kesi. Lakini kwa adabu hakuweza kukaa kibarazani mkwe wake alipo. Alizunguka akakaa nyuma ya migomba iliyo ubavuni mwa ofisi, amegeuzia mgongo. Tuliona kofia yake tu.

Mkaguzi akatayarisha kalamu. Ya wino, bila shaka. "Mama, ule mto mnaouita Mgeni ni mto gani?"

"Ni ule mkubwa."

"Mkubwa upi?"

"Unaotutenga na wenzetu wa ng'ambo."

"Jina lake."

"Wenyewe wanalijua."

"Nakuuliza wewe."

Akafungua mdomo, akafumba. Nikaona vidole vyake vimeshika ncha ya kitenge. Nyuma yake walisimama wale wenzake wanane, wote wameinamisha macho. Kumbukeni, mwanamke aliyelitaja jina hilo mbele ya watu na baba mkwe anasikia, hilo halikuwa jambo la kucheka na kusahau. Angekuwa amemtukana baba. Alikuwa ameishi pale miaka ishirini bila doa. Nami nilikuwa nimeishi Kyela miezi kumi na nane, na nilichokuwa nataka kuokoa ni ajira.

Niliona aibu. Nikasimama nikasema, "Mkuu, basi. Mwacheni. Andikeni kwamba niliutunga."

Mzee Lazaro, aliyekaa pembeni yangu, alinivuta sketi nikae. Sikukaa. Mkaguzi akaanza kuandika kweli, na mimi machozi yananitoka, ndipo ile kofia nyuma ya migomba ikatikisika.

"Mwenyekiti!"

"Naam, tata."

"Wewe ndiwe mkuu wa kijiji?"

"Ndimi, tata."

"Waandikie hao wageni. Kuanzia sasa mpaka jua litakapozama, mimi siitwi vile ninavyoitwa. Nimebadili jina."

Mkaguzi akainua uso. Mwenyekiti akauliza, "Sasa unaitwa nani, tata?"

"Mgeni. Naitwa Mzee Mgeni. Lile jingine ni jina la mto tu, hata mtoto mchanga anaweza kulitaja."

Watu walianza kucheka taratibu, hawajui kama inaruhusiwa, kisha wakacheka kweli. Mama Tuntufye hakucheka. Alisogea hatua moja mbele, akateremsha kitenge mabegani, akasema polepole kwa sauti safi iliyofika mpaka barabarani:

"Songwe."

Wenzake wanane wakapiga vigelegele mpaka kuku wa mwenyekiti wakakimbia. Mkaguzi akasubiri watulie, akagonga meza. Ofisa ni ofisa.

"Vizuri. Sasa sema sentensi nzima niiandike. Mgeni ndio Songwe."

Mama Tuntufye akarudisha kitenge kichwani.

"Hilo la pili nimesema, mkuu. Hilo la kwanza sasa siwezi. Ni jina la baba mkwe wangu."

Mkaguzi alitua kalamu mezani. Alitazama juu, akatazama migomba, mabega yakaanza kumtetemeka, na yule bwana mnene alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Akaandika sentensi nusu kwa kinywa cha shahidi na nusu kwa kinywa chake mwenyewe, akatia saini. Mto Mgeni ulifutwa, mimi nikathibitishwa kazini mwezi uliofuata, na kwa miaka yote iliyobaki sikuuliza tena jina la mto bila kwanza kuuliza watu wameolewa kwa nani. Nikifika mahali wakwe wanasema hivi na wenye ukoo wanasema vile, naandika majina yote mawili, nayazungushia duara. Wachoraji walilalamika. Waache walalamike, hawajapata kupewa barua ya mto.

Jioni ile, watu walipotawanyika na Mama Tuntufye amekwenda zake kwa njia ya kuzunguka kama kawaida, nilikwenda nyuma ya migomba kumshukuru mzee. Nilimkuta bado amekaa pale pale, amegeuzia ofisi mgongo.

"Ndaga fijo, tata. Umeniokolea kazi."

Akatikisa mkono kwamba si kitu. Akaichezea kofia yake.

"Mwanangu," akasema, "yule amenipikia miaka ishirini. Mke wangu alipougua yeye ndiye aliyemwosha. Hajawahi kuniita kwa jina lolote, na ndivyo inavyotakiwa, silalamiki. Nilibadili jina ili akusaidie wewe, basi."

"Najua, tata."

"Lakini alipolitamka lile la mto," mzee akasema, na hapo akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza, "mimi huku niliitika."